Ndago haiogopi jembe, inaogopa jua na kivuli

Mama mmoja wa Sahare, hapa Tanga mjini, ameniandikia hivi:

"Shikamoo Bwana Shamba. Nina kibustani nyuma ya nyumba, hatua kumi kwa nane hivi. Nalima mchicha, bamia, nyanya chungu na pilipili, maji nachota kisima cha uani. Mwaka juzi nilinunua kirikuu moja ya udongo mweusi, na tangu hapo pameota majani membamba kama nyasi ambayo hayaishi. Tumelima, tumeng'oa, tumelima tena. Kila nikilima yanazidi. Sitaki kupiga dawa, nina watoto wadogo na kuku, na kisima ndicho hicho. Jirani kaniambia nimwage chumvi, mwingine kasema siki, mume wangu anasema maji ya moto, na fundi magari wa mtaani kanipa oili chafu bure. Chumvi nimeshanunua, kiroba cha kilo 25. Nianze na kipi?"

Marahaba, mwanangu. Usianze na chochote kati ya hivyo vinne. Kiroba kifunge mdomo ukiweke jikoni, tutakirudia. Kwanza tumjue adui, maana katika barua yako nzima kilichonishtua si chumvi wala oili. Ni hayo maneno "kila nikilima yanazidi".

Nenda bustanini ushike jani moja karibu kabisa na ardhi, kikonyo chake ukisokote kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikizunguka laini kama mrija, hiyo ni nyasi. Kikigoma, ukahisi kona tatu, si nyasi hata kidogo, ni ndago. Kisha chimbua taratibu kwa ncha ya kisu, usivute. Utakutana na uzi mgumu kama waya, na kwenye uzi huo vijiazi vyeusi, vikubwa kama karanga hivi, kimoja baada ya kingine kama shanga za tasbihi. Kata kimoja unuse. Ndani ni cheupe, na kina harufu kali inayokaribia manukato. Wahindi hukamua mafuta ya marashi humo. Sisi hutuachia maumivu ya kiuno tu.

Kama ulivuta bila kuchimbua, jani limekuja mkononi na kijiazi kimebaki chini, na hapo ndipo ilipo siri ya gugu hili. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wa magugu wamekuwa wakiitaja ndago kuwa gugu baya kuliko yote duniani, na ubaya huo hautokani na mbegu. Mbegu zake huota kwa nadra sana, kwa hiyo kukata vile vishada vyake vya kahawia kunapendeza macho tu. Nguvu yote iko kwenye vijiazi. Vingi hukaa katika sentimita 15 za juu, vichache hushuka hadi 30 na zaidi. Kila kimoja kina macho kadhaa. Jicho moja likichipua ukalikata, lingine linashika zamu.

Sasa sikiliza hili vizuri. Vijiazi vikiwa bado vimeungana kwenye uzi wao, kile cha mbele kikichipua huwazuia wenzake wa nyuma. Wanalala. Ukipita na jembe ukaukata uzi vipande kumi, umewaamsha kumi waliokuwa wamelala, kila mmoja na shina lake. Jembe likiingia kwenye udongo wenye unyevu, huo unyevu ndio chai yao ya asubuhi. Hukuwa unapalilia, mwanangu, ulikuwa unapanda.

Usijilaumu, kosa hilo mimi nimelifanya kwa shamba zima. Mwaka wangu wa pili kazini, kijana mwenye buti mpya, nilimshauri mzee mmoja upande wa Muheza apitishe trekta mara mbili kwenye shamba lake la mahindi, ambalo ndago ilikuwa imeshika pembe moja tu. Ilikuwa mwezi wa nne, masika yamekolea. Trekta lilivikata vile vijiazi na kuviburuza kutoka pembe ile hadi upande wa pili. Baada ya wiki tatu shamba zima lilikuwa kijani kibichi, na si kwa mahindi. Mzee hakunigombeza. Alinikatia dafu, akaningoja ninywe, akaniuliza, "Na la jirani nalo tulilime, Bwana Shamba?"

Basi tuje kwenye vile vinne ulivyoshauriwa.

Chumvi ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu inafanya kazi. Inaua. Swali ni inaua nani kwanza. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita, kwa hiyo debe moja la lita 20 lina gramu 700. Kiroba chako cha kilo 25 ni sawa na madebe 35 ya maji ya bahari yaliyomwagwa nyuma ya nyumba yako. Ukiigawanya kwenye hatua kumi kwa nane, kila mita mraba inapata gramu 300 na ushee. Katika udongo wa namna hiyo maharage, karoti, vitunguu na pilipili ndivyo vitakavyoungua mwanzo, kwa sababu mizizi yao inashindwa kuvuta maji hata kama tuta limelowa. Ndago ina akiba yake chini. Itakunja majani, itangoja. Masika yakija, mvua itaiosha ile chumvi ishuke, na katika mchanga wa Sahare maji yakishuka yanakwenda wapi? Kisimani kwako. Utakuwa umeua bustani, umetia chumvi maji ya kunywa, na mwezi wa sita ndago inakuamkia salama. Na kama ule udongo mweusi ulionunua una mfinyanzi, chumvi itauvuruga, chembe zake ziachane, ukikauka uwe mgumu kama sakafu. Mnazi unaistahimili chumvi, na nadhani ndiyo maana watu wa pwani hatuiogopi inavyostahili.

Siki ya dukani ina asidi asilimia 5 tu. Ukiinyunyiza saa sita mchana kwenye miche michanga ya majani mapana, yenye majani mawili au matatu, itaikausha hadi jioni, na hata siki ya tembo la mnazi iliyochacha sawasawa inaweza kazi hiyo. Lakini inachoma kile ilichokigusa tu. Kwa ndago ni sawa na kumnyoa mtu nywele ukitegemea afe. Maji ya moto ni hivyo hivyo. Mume wako hajakosea kabisa, yatumie yakiwa yanatokota kwenye nyufa za sakafu ya uani na pembeni mwa ngazi, mahali ambapo hakuna mche wa kuunguza. Kwenye tuta, birika zima likimwagwa linapoa kabla ya kufika sentimita tano, na kijiazi kiko kumi. Mkaa umeungua bure.

Oili chafu irudishe kwa fundi leo hii, asante nyingi. Ile ina vyuma na masalia ya moto wa injini, haiozi upesi, na kisima chako kiko palepale. Umekataa dawa ya dukani kwa ajili ya watoto, halafu umwage hiyo?

Kuna na majivu, ambayo hukuyataja ila najua yatakuja. Majivu hayaui ndago. Ni chokaa kali na potashi, na udongo wa Sahare umelalia jiwe la matumbawe, chokaa tunayo ya kutosha. Konzi moja kwenye shimo la mboji inatosha.

Basi dawa ni nini? Ni kalenda. Kijiazi cha ndago kinakufa kwa njia mbili, kukauka au kuishiwa. Kikitolewa nje na kuachwa kwenye jua kali bila unyevu, siku 14 hivi zinakimaliza. Kikiwa chini, kinakufa pale kinapotoa chipukizi mara kwa mara na kila chipukizi likakatwa kabla halijarudisha chakula. Njia ya kwanza ni ya kiangazi, ya pili ni ya mvua. Wewe umekuwa ukitumia ya kiangazi wakati wa mvua.

Na bahati yako, leo ni Januari. Kaskazi inavuma, vuli imekwisha, masika hayaji mpaka Machi. Una wiki saba au nane za jua la Tanga, na jua hilo ni bure.

Usianze na bustani nzima. Igawe mafungu manne, uchague lile ambalo ndago imezidi. Mboga zilizomo vuna zote, hata ikiuma. Acha kumwagilia kipande hicho kwa siku saba au kumi mpaka mchanga uwe unateleza mkononi. Kisha azima jembe uma, si jembe la kawaida. Meno ya uma yanainua uzi mzima pamoja na shanga zake, jembe bapa linaukata. Anzia ukingoni ukirudi nyuma, usije ukakanyaga ulipokwisha kuinua. Inua donge, litikise, okota kila kijiazi ukitie kwenye ndoo. Ushuke hata sentimita 25 au 30. Kama chini unagonga jiwe la matumbawe kabla ya hapo, shukuru, ndago nayo imegonga.

Kwa udongo wa kichanga kuna njia ambayo nimeiona kwa mafundi wa ujenzi, na sijapata bora kuliko hiyo kwa bustani ndogo. Azima ule wavu wao wa kuchekechea mchanga, usimamishe umeegemea mti, urushie udongo kwa sepetu. Mchanga unapita, vijiazi na nyuzi vinabaki upande wako. Fungu moja la robo ya bustani yako watu wawili watalimaliza kwa siku mbili au tatu za asubuhi. Ni kazi, sikufichi. Lakini ni kazi unayoifanya mara moja kwa fungu, na kila kijiazi kilichobaki kwenye wavu hutakipalilia maisha yako yote.

Vijiazi hivyo usivitupe shimo la taka, wala usivichanganye kwenye mboji. Vimwage juu ya bati kuukuu au sakafu ya saruji, vikae wiki mbili, kisha vitie jikoni vikaungue. Nimemwona mtu akivitupa nyuma ya choo. Mwaka uliofuata ndago ilikuwa imeingia kwa jirani na maneno yakaingia mtaani.

Ukishamaliza, liache fungu lile wazi, halafu baada ya siku kumi na nne ligeuze tena kwa uma. Na tena mwishoni mwa Februari. Vilivyokuponyoka mara ya kwanza vinaletwa juu, jua linavikuta. Kanuni moja tu: kama siku hiyo kuna manyunyu, au mtoto amemwaga maji hapo, usiguse. Jembe ni lile lile. Januari linaua, Aprili linapanda.

Watu wataniuliza kuhusu nailoni. Kuna njia ya kuutandikia udongo nailoni ili jua liupike, iliyoanza kuandikwa na watafiti wa Israel mwaka 1976, na ni nzuri, ila ina masharti yanayosahaulika. Nailoni iwe ile inayoonyesha, si nyeusi. Udongo uloweshwe kwanza, maana joto linashuka vizuri kwenye unyevu na mbegu iliyolowa hufa upesi kuliko iliyokauka. Kingo zote zifukiwe, hewa isitoke. Ikae wiki nne hadi sita za jua kali. Sentimita tano za juu zinaweza kupita nyuzi 50, na mbegu za mchicha pori, kishona nguo na wengine wa aina hiyo hufa kwa wingi. Vijiazi vya ndago vilivyo chini zaidi vinaweza kusalimika. Kwa hiyo nailoni ni ya kuandaa kitalu cha miche, si ya kuimaliza ndago.

Nailoni nyeusi ina kituko chake. Ndago ikiwa gizani haikunjui majani, inapanda imefunga ncha kama sindano, na hutoboa ile nyeusi nyembamba kana kwamba ni karatasi. Chini ya nailoni inayoonyesha inadanganyika na mwanga, inafungua majani humo humo, inakwama. Ukitaka giza tumia turubai kuukuu la lori, zito. Hilo haitoboi. Liweke kwenye njia na kwenye mafungu ambayo hujayafikia mwaka huu, ulikandamize kwa mawe, ukae nalo miezi mitano, sita. Chini yake ndago itachipua, itakosa mwanga, itarudia, itachoka. Si yote, lakini nyingi.

Sasa masika. Mvua ya kwanza ya Machi ikinyesha, fungu lako litakaa siku kadhaa kimya, kisha utaona vijani hapa na pale. Usikate tamaa, na tafadhali usichukue jembe uma. Kuanzia hapo ni kukwangua tu, kwa jembe dogo la palizi au hata panga butu, ukipita chini kidogo ya uso wa udongo. Pita kila siku kumi hadi kumi na nne, na usikubali mche ufikishe majani matano au sita. Hicho ndicho kipimo cha kushika. Kabla ya hapo kijiazi kinatoa akiba, kinalisha majani. Baada ya hapo, kuanzia wiki ya tatu au ya nne, majani ndiyo yanaanza kulisha chini na vijiazi vipya vinaumbika. Ukichelewa wiki mbili kwa sababu ya harusi, umerudisha mkopo wake wote.

Hapo hapo panda matembele. Ndago ina udhaifu mmoja mkubwa, haistahimili kivuli. Ni mmea wa jua la wazi. Ukiufunika hudhoofu, hutoa vijiazi vichache na vidogo. Kata marando ya viazi vitamu, yapande karibu karibu, shubiri moja na nusu kutoka rando hadi rando, na endelea kukwangua katikati mpaka majani yafunge ardhi, kama wiki sita hadi nane. Yakishafunga, kazi yako ni kuchuma tembele na kung'oa ndago mojamoja inayochungulia. Ila usichume kwa pupa ukafungua mwanya. Nawajua wanawake wa Tanga na tembele la nazi. Nusu ya palizi hupotelea jikoni.

Kama matembele mmeyachoka, kunde hufunika vizuri, na fiwi hufunika zaidi ila inataka muda. Yuko pia marejea, ambaye watawa wa Peramiho kule Ruvuma walimweneza sana. Huyo hukua juu, hufunga kivuli na kurutubisha udongo, lakini anataka nafasi, na bustani ya hatua kumi kwa nane haina ya kumpa. Mimi ningeshika tembele msimu wa kwanza, kunde msimu wa pili.

Bamia, pilipili na nyanya chungu zirudishe kwenye fungu hilo vuli ijayo, si kabla. Zenyewe zimesimama wima, zinaacha jua lishuke chini. Huo ndio uwanja wa ndago.

Zikirudi, zitandazie. Matandazo ya vidole viwili ndago inapita kama haioni kitu, weka upana wa kiganja kizima. Makuti makavu yaliyokatwakatwa ni mazuri, nyasi zisizo na mbegu ni nzuri, makumbi ya nazi ni mazuri yakishalowekwa na maji yake ya kahawia kumwagwa mara mbili tatu. Kuna pia takataka za mkonge, na sisi wa Tanga tunazo kwa sababu katika kilo 100 za majani yanayoingia korona, ile mashine ya kusaga mkonge, singa, yaani nyuzi zake, ni kilo nne hivi, mengine yote ni maji na uchafu. Mbichi usiilete bustanini. Ni chachu, inafukuta, na utomvu wake unawasha ngozi. Iliyokaa ikaoza miezi kadhaa hadi ikawa nyeusi na haina harufu ya uchachu, hiyo ichukue. Mbichi unaweza kuimwaga nene kwenye njia, ambako hutaki kitu kiote.

Maboksi chini ya matandazo wengi huyasifu, nami nayasifu kwa shingo upande. Yanazuia kweli, yakiwa mawili mawili na yamepishana. Lakini kwenye joto letu boksi lililolowa ni karamu ya mchwa. Usiyafikishe kwenye ukuta wa nyumba wala kwenye mlango wa mbao, na yaishie kiganja kimoja kutoka shina la mche. Na ukishatandaza, jioni pita na tochi. Wale konokono wakubwa, ambao kwao ni pwani yetu hii hii, watakuwa wamepata hoteli.

Kuhusu kuku: waache waingie kwenye fungu lililogeuzwa, kati ya zao na zao. Watakula miche michanga na wadudu, na kupekua kwao hakushuki hadi kwenye vijiazi vya chini lakini si kitu cha kudharau. Bata bukini hula nyasi kuliko kuku, na Marekani zamani waliwatumia kupalilia pamba. Nguruwe ndiye bingwa wa kufukua ndago na kuila. Mtaani kwetu hilo tuliache.

Magugu mengine kwenye bustani yako sitayachukulia muda, kwa sababu hayana akiba ya chini kama ndago. Mchicha pori na kishona nguo huishi kwa mbegu, na mche mmoja hutoa maelfu, kwa hiyo hapo kanuni inageuka: ng'oa kabla ya ua, basi. Palilia asubuhi, juu juu, siku ya jua, mizizi ikaangwe hadi adhuhuri. Ukilima chini sana unaleta juu mbegu zilizolala miaka. Kabla ya kusia mchicha wako, jaribu kulidanganya tuta: limwagilie tupu siku kumi, magugu yote yaliyo tayari yaote, kisha yakwangue bila kugeuza udongo, ndipo usie. Ile yenye majani laini na maua ya buluu, kongwe, usiiache ilipong'olewa. Kila kifundo kinachogusa ardhi kinatoa mizizi, na aina yetu moja huficha maua na mbegu hata chini ya udongo. Itoe, wape sungura au kuku. Ukoka nao hauna zaidi ya ndago, unatambaa kwa vikonyo vya juu na vya chini. Uma ule ule wa Januari unautosha, na kivuli kile kile.

Mchunga usiung'oe. Ukiona yale majani yenye utomvu mweupe na uchungu wake, najua wengine huita gugu, na kweli mizizi yake inatambaa. Lakini sidhani kama kuna nyumba ya Kidigo au Kibondei itakayokuruhusu kuuita adui. Uchume, uupike, utachoka wenyewe.

Sasa lile lililoanzisha yote, kirikuu ya udongo mweusi. Udongo wa bondeni ni mzuri na mara nyingi umejaa ndago, muuzaji hakuambii na pengine hajui. Siku ukinunua tena, kabla haujamwagwa, panda juu ya gari uchote ndoo moja kutoka sehemu tatu tofauti, uichekeche pale pale. Kijiazi kimoja, gari ligeuze. Ukishindwa kuligeuza, mwaga pembeni juu ya turubai, umwagilie, ungoje wiki tatu uone kinachoota. Na samadi ni hivyo hivyo: mbegu nyingi hupita salama tumboni mwa ng'ombe na mbuzi. Irundike kwanza, iwe na unyevu, igeuzwe mara kadhaa. Ukichomeka fimbo katikati na kuitoa ikakuunguza kiganja, nyuzi 55 na kuendelea, hapo mbegu nyingi zinakufa. Rundo lililokaa baridi ni ghala la magugu.

Muda gani? Kwa fungu la kwanza, kiangazi hiki na masika haya yataipunguza sana, hayataimaliza. Vuli itakuonyesha vilivyosalia, kiangazi kijacho utavimaliza vingi, na kwa mafungu yote manne hesabu miaka miwili. Vijiazi vingine hulala muda mrefu kabla ya kuchipua, kwa hiyo hata mwaka wa tatu utaona moja moja. Hizo ng'oa kwa kisu, na uzi wake. Atakayekuahidi wiki mbili kuna kitu anauza.

Kesho asubuhi acha kumwagilia fungu la kwanza, na umtume mume wako akaazime uma na wavu. Na kile kiroba, maembe mabichi bado yapo sokoni Ngamiani na ndimu ni nyingi. Kilo 25 ni achari ya mtaa mzima, mgawie na yule jirani aliyekushauri.